Dawa za rangi za vidonda (GV, mekurokromu, iodini): zilipotea kwa kuwa hazifai, au kwa kuwa haziwaletei wauzaji faida?

#1 Kabati la Kale
Wakuu, salaam. Kuna kipindi kila sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na chupa tatu: ya zambarau, nyekundu na ya kahawia. GV (jenshiani violeti), mekurokromu, iodini. Ukiongeza chembe za pamanganeti zilizofungwa kwenye karatasi, umemaliza. Siku hizi kila mchubuko unapakwa krimu ya antibiotiki. Hoja yangu ni kwamba zile dawa zilifanya kazi, hakuna kampuni iliyokuwa na hakimiliki nazo, na chupa moja ilikaa sana. Ndiyo maana zilipoanza kusemwa vibaya hakutokea wa kuzitetea. Mwenye sababu nyingine ailete, ila asiniambie "ni za kizamani" halafu akaondoka.

#2 Mizani
Mleta mada, umefunga kamba moja vitu vilivyoondoka kwa njia tofauti.

Mekurokromu ina zebaki ndani yake. Hugh Young wa Johns Hopkins, Marekani, aliitangaza mwaka 1919. Mwaka 1998 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliitoa kwenye kundi la dawa zinazotambulika kuwa salama na zinazofanya kazi, ikaihamishia kwenye kundi la ambazo hazijathibitishwa. Maana yake: atakayetaka kuendelea kuiuza kutoka jimbo moja hadi jingine alete majaribio mapya.

GV ni habari nyingine. Ilipolishwa panya kwa muda mrefu ilileta uvimbe wa saratani, na mwaka 2019 Wizara ya Afya ya Kanada ikatoa onyo juu yake.

Iodini haijaenda kokote. Imebadilisha chupa tu, sasa inaitwa povidoni iodini.

#3 Mbishi wa Zamu
Mizani umempinga mleta mada na hapohapo umempa bao. Kama mekurokromu ilitakiwa ipeleke majaribio mapya, nani angeyalipia kwa dawa isiyo na hakimiliki? Hakuna. Kwa hiyo ni pesa, siyo zebaki.

#4 Pamba Tasa
Mbona mnajadili sheria na faida tu, kidonda chenyewe hamkiangalii?

Dawa za rangi zilienda sambamba na imani kwamba kidonda kikauke haraka kifanye kigaga. Mwaka 1962 George Winter alichapisha kazi yake kuhusu majeraha mepesi kwenye ngozi ya nguruwe: yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya yaliyoachwa wazi. Chini ya kigaga, seli za ngozi hulazimika kupita chini zaidi kutafuta sehemu yenye unyevu. Juu ya unyevu huteleza moja kwa moja.

Pili, rangi inaficha. Dalili ya kwanza ya kidonda kuharibika ni wekundu unaotanuka pembezoni. Ukishapaka mekurokromu, wekundu huo utauonea wapi? Hata pasingekuwa na chembe ya zebaki, hiyo peke yake inatosha kuiacha.

#5 Kabati la Kale
Pamba Tasa, hoja ya wekundu naikubali kwa chupa nyekundu. Lakini huo unyevu wako nao una masharti: bandeji safi, inayobadilishwa kwa wakati. Kitambaa kichafu juu ya kidonda chenye maji ni shamba la bakteria. Mahali pasipo na bandeji safi, kukausha ni uamuzi wa maana kabisa.

#6 Kijiko Bapa
Kabla hamjaizika GV, tuseme nguvu yake, kwa sababu nusu ya malalamiko dhidi yake ni ya kipimo.

Ya ngozi ni asilimia 0.5, yaani nusu gramu ya unga kwenye mililita 100 za maji. Ya mdomoni, kwa utando mweupe wa fangasi au vidonda vya mdomo vya watoto, ni nusu ya hiyo: 0.25. Unaipata kwa kuchanganya GV ya 0.5 na maji yaliyochemshwa yakapoa, ujazo kwa ujazo. Safisha mdomo kwanza kwa kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni na kulowekwa maji ya chumvi, kisha paka GV mara mbili kwa siku, siku 5. Usiendelee baada ya hapo eti kwa kuwa rangi bado ipo.

Kinachoharibu: watu walichovya ileile ya ngozi wakaipeleka mdomoni, mara nne tano kwa siku. Utando laini wa mdomo ukachubuka, mtoto akakataa kunyonya, ikasemwa fangasi imezidi, akaongezewa GV.

#7 Nuru ya Kibatari
Asante Kijiko Bapa. Swali: chupa iliyokaa muda mrefu, kifuniko kimelegea na rangi imeganda pembeni, bado inafaa?

#8 Kijiko Bapa
Mwaga. Maji yamepungua, rangi imebaki yote, kwa hiyo nguvu imepanda na huna namna ya kujua imefika ngapi. Na ile iliyoganda shingoni ikidondoka kwenye kidonda ni kama umepaka unga mtupu.

#9 Zamani Sana
GV inachoma kwa sababu inachanganywa na spiriti. Ukiipata ya maji haina tatizo lolote, paka popote.

#10 Mizani
Mzee Zamani Sana, kwa heshima yako: zipo zenye spiriti kidogo ya kusaidia unga kuyeyuka, kweli, na hizo zinachoma zaidi. Lakini "popote" hapana. Ukiipaka juu ya nyama mpya nyekundu inayoota kwenye kidonda, rangi inaweza kubaki chini ya ngozi ikawa chale ya kudumu. Ndiyo maana usoni ilikatazwa hata enzi zake.

Nguvu yake pia ina mipaka. Inawaweza fangasi wa kandida na bakteria wa Gram chanya (moja ya makundi mawili makuu ya bakteria) kama stafilokokasi. Wale wa Gram hasi, wanaopenda vidonda vya muda mrefu vyenye maji ya kijani, haiwatishi sana.

#11 Mbishi wa Zamu
Kwa hiyo ilifaa kwenye upele wa juujuu wa stafilokokasi, fangasi ya mdomo, na mikunjo ya ngozi. Hizo siyo kazi ndogo, na zote ni za nyumbani. Naendelea na msimamo wangu.

#12 Pamba Tasa
Iodini imesahauliwa, nayo ndiyo yenye darasa.

Tincha ya kawaida ni iodini asilimia 2 ndani ya spiriti, pamoja na chumvi ya iodaidi ya kuisaidia kuyeyuka. Inaua vizuri sana kwenye ngozi nzima, mfano kabla ya sindano au upasuaji. Makosa yake mawili makubwa:

Kwanza, kupaka halafu kufunika na plasta hapohapo. Iodini ikibanwa kabla haijakauka inaunguza, unafungua kesho unakuta malengelenge yenye umbo la plasta. Acha ikauke wazi kabisa.

Pili, kumimina ndani ya kidonda kirefu. Spiriti na iodini vinaua pia seli zinazokuja kukarabati. Alexander Fleming, yule wa penisilini, aliliona hilo kwenye majeraha ya Vita ya Kwanza ya Dunia: kwenye kidonda chenye vichochoro, dawa haifiki waliko bakteria lakini inafika zilipo seli nyeupe za mwili. Matokeo ni kuwasaidia bakteria.

Na jambo la tatu, la zamani lakini kweli: usipake iodini juu ya dawa yenye zebaki. Vikikutana vinaweza kutengeneza mchanganyiko unaounguza ngozi vibaya kuliko kila kimoja peke yake.

#13 Fundi Chupa
Nyongeza kwa #12. Povidoni ya 1955 na kuendelea ilitatua hilo kwa kuishika iodini na kuiachia kidogokidogo. Chupa inaandikwa asilimia 10, lakini iodini inayopatikana humo ni asilimia 1 tu, na iliyo huru kwa wakati mmoja ni ndogo zaidi.

Kichekesho ni kwamba ukiizimua, iodini huru inaongezeka hadi kiwango fulani, kwa sababu ile povidoni inaiachia. Hivyo ya rangi ya chai hafifu inaua haraka. Lakini akiba yake ni ndogo: ikikutana na damu na usaha inaisha nguvu mara moja. Ukiona rangi ya kahawia imefifia, kazi imekwisha, osha upake nyingine. Hapo rangi inasaidia, Pamba Tasa.

Tahadhari: mtoto mchanga, hapana kumpaka eneo kubwa. Iodini inapenya ngozi yake na kuvuruga tezi ya shingo. Kwa kitovu, shauri la WHO ni kukiacha kisafi na kikavu, na pale ambapo watu wamezoea kupaka kitovu vitu vya kudhuru kama kinyesi cha wanyama, klorheksidini ya asilimia 4.

#14 Zamani Sana
Na yale maji yanayotoa povu? Povu lile lilikuwa linatoa uchafu wote.

#15 Pamba Tasa
Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Povu ni oksijeni inayotoka pale kimeng'enya cha kwenye damu na nyama yako kinapoivunja. Inatoka hata kwenye kidonda kisicho na mdudu hata mmoja. Povu linainua vumbi na damu iliyoganda, hiyo sawa, mara moja tu mwanzoni. Kila siku, hapana, inachubua nyama mpya. Na usiisukume kwa bomba la sindano kwenye tundu lenye mdomo mwembamba, gesi ikikosa njia inaweza kuingia kwenye mishipa. Maji safi mengi ya bomba hufanya kazi ileile bila vituko.

#16 Kijiko Bapa
Pamanganeti bado inaandikwa na madaktari wa ngozi kwa ukurutu unaotoa maji, kwa hiyo haijafa. Kipimo ni 1 kwa 10,000, yaani miligramu 100 kwenye lita moja. Zile tembe za miligramu 400, moja kwa lita 4. Loweka mguu dakika 10 hadi 15, ikikauka ngozi acha kutumia, usingoje upasuke.

Wengi hawana mizani ya miligramu, kwa hiyo tumia macho: maji yawe ya waridi hafifu, unaona kiganja chako chini ya beseni. Yakiwa zambarau umezidisha. Na lazima chembe ziyeyuke zote kwenye chombo cha pembeni, koroga, mimina, mabaki yaache chini. Chembe moja nzima ikigusa ngozi iliyolowa inachimba kidonda.

Usiiweke kwenye chombo kinachofanana na cha kinywaji wala tembe zake karibu na vidonge vya kumeza. Ikimezwa inaunguza koo hadi njia ya hewa inavimba. Na kamwe isikae rafu moja na gliserini. Vikimwagikiana vinawaka moto vyenyewe.

#17 Mtundu wa Mada
Mmezungumzia rangi, hamjataja harufu. Kiberiti upele na Vaseline, nani anakumbuka? Hiyo nayo ilikufa kwa nini?

#18 Mbishi wa Zamu
Ilikufa kwa kunuka 😂 Hakuna utafiti unaohitajika.

#19 Kijiko Bapa
Mbishi anatania lakini kuna ukweli. Inanuka, inachafua shuka, na inageuza pete za fedha nyeusi. Ila kwa upele wa utitiri ni dawa halali hadi leo, hasa kwa watoto wachanga na wajawazito, ambako nyingine nyingi zina mashaka.

Kwa mtu mzima asilimia 10, kwa mtoto mdogo 5. Gramu 10 za kiberiti laini kwa gramu 90 za mafuta mazito. Siri iko kwenye kuchanganya: ukimwaga unga wote kwenye Vaseline unapata madonge, sehemu moja haina dawa, nyingine inaunguza. Weka unga kwenye kigae au sahani laini, tone la mafuta ya maji (parafini ya dawa), saga kwa kisu kipana hadi upate uji usio na chembe. Ongeza Vaseline kiasi sawa na uji ulio nao, changanya. Ongeza tena kiasi sawa na ulicho nacho sasa, changanya. Endelea hivyo hadi iishe.

Kupaka: usiku, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri. Usiku tatu mfululizo, ukioga kila baada ya saa 24. Nyumba nzima siku hiyohiyo, hata asiyejikuna. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto kuanzia nyuzi 60, zisizofulika zifungwe kwenye mfuko siku tatu, utitiri nje ya mwili hauishi zaidi ya hapo.

#20 Nuru ya Kibatari
Na mtu akimaliza usiku zote tatu lakini anaendelea kuwashwa?

#21 Fundi Chupa
Hapo ndipo dawa zote za upele zinapoonewa. Muwasho ni mwili kuukataa utitiri na kinyesi chake, na mabaki hayo yanabaki ndani ya ngozi hata wadudu wakishakufa. Wiki mbili hadi nne za kuwashwa ni kawaida. Watu wanarudia kupaka kila siku, ngozi inakauka na kubabuka, inawasha zaidi, wanarudia tena. Benzili benzoeti ya asilimia 25 ndiyo inayoongoza kwa hilo, kwa mtoto ilikuwa inatakiwa izimuliwe nusu na wengi hawakuzimua. Unachotazama ni vipele vipya au mashimo mapya kati ya vidole baada ya wiki nne. Kama havipo, dawa imefanya kazi.

#22 Mizani
Huo ni mfano mzuri wa sababu ambayo bado haijatajwa humu: namna ya kutumia. Dawa ya zamani ilidai ujuzi wa aliyepaka. Permethrini ya asilimia 5 unapaka mara moja, unaosha baada ya saa 8 hadi 14, unarudia baada ya wiki. Ivamektini unameza, unarudia baada ya wiki moja hadi mbili. Dawa rahisi hushinda dawa nzuri.

#23 Zamani Sana
Whitfield je? Mafuta ya choa. Ile haikushindwa na kitu.

#24 Kijiko Bapa
Whitfield ni benzoiki asilimia 6 na salisiliki asilimia 3. Salisiliki inamenya tabaka la juu, benzoiki inazuia fangasi. Mara mbili kwa siku, wiki nne, ukipitiliza ukingo wa choa kwa upana wa kidole. Iliposhindwa, mara nyingi mtu aliacha wiki ya pili kwa kuwa muwasho umeisha. Usiipake kinena wala uso, inachoma.

Na haikuwahi kuponya mapunye ya kichwani, mzee. Fangasi anakaa ndani ya shina la nywele, dawa ya kupaka haimfikii. Hapo ni vidonge, griseofulvini na wenzake. Hata mafuta mapya yanayouzwa ghali yanashindwa vilevile.

#25 Mtundu wa Mada
Tuingie za kumeza sasa. Maji ya tumbo la watoto, ile gripe water. Mtoto analia jioni nzima, kijiko kimoja, kimya. Msiniambie hiyo nayo haikufanya kazi.

#26 Mizani
Ilifanya. Swali ni kitu gani ndani yake kilifanya. William Woodward aliitengeneza Uingereza mwaka 1851: mafuta ya shibiti, soda ya kuokea, sukari, maji, na pombe kama asilimia 3.6. Huko Uingereza pombe iliondolewa 1992. Kumbuka sukari pekee ulimini hutuliza kilio cha mtoto mchanga kwa dakika chache, na kilio cha tumbo cha wachanga huisha chenyewe karibu na mwezi wa tatu au wa nne. Dawa yoyote iliyoanzishwa wiki ya kumi itaonekana ya ajabu.

Wakati huohuo dawa za kutuliza watoto za karne ya 19 zilikuwa na afyuni. Ile shira ya Mrs. Winslow ya Marekani ilikuwa na mofini, watoto walilala, wengine hawakuamka. Sheria ya 1906 ikalazimisha iandikwe kwenye lebo.

#27 Pamba Tasa
Na unga wa kuotesha meno wenye kalomeli, yaani zebaki tena. Watoto walikuwa wanapata ugonjwa wa mikono na miguu ya waridi, kutoka jasho, kukosa usingizi, kukataa kula, na kwa miaka mingi ukafikiriwa ni lishe au virusi. Kalomeli ilipoondolewa kwenye unga huo Uingereza mwaka 1954, ugonjwa ukatoweka. Mbishi wa Zamu, hapo pesa iko wapi?

#28 Mbishi wa Zamu
Hapo ipo kwa aliyekuwa anauza unga. Sikusema zote zilikuwa nzuri. Nimesema hakuna anayelipia uchunguzi wa zilizokuwa nzuri, kwa hiyo zinatupwa kapu moja na mbaya.

#29 Zamani Sana
Haluli mnaiacha? Mafuta ya nyonyo kila likizo, tumbo linasafishwa, homa haikai.

#30 Fundi Chupa
Nyonyo inaharisha, hilo halina ubishi. Ndani ya utumbo mafuta yanavunjwa na kutoa asidi ya risinoleiki, nayo inauamsha msuli wa utumbo. Mtu mzima mililita 15 hadi 60, inafanya kazi ndani ya saa 2 hadi 6, kwa hiyo asubuhi, siyo wakati wa kulala. Ikiwa baridi haina ladha kali sana.

Lakini "kusafisha" ni jambo jingine. Utumbo hauna masizi. Kilichotokea ni mtu kupoteza maji na chumvi, akabaki mlegevu, akahesabiwa amepona. Mjamzito asiguse, inaweza kuuamsha mji wa mimba vilevile. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana asiguse, kama ni kidoletumbo kinaweza kupasuka. Na hakuna kutafuna mbegu zenyewe: sumu ya risini inabaki kwenye makapi wakati wa kukamua, haiingii kwenye mafuta, ila kwenye mbegu ipo yote.

#31 Mtundu wa Mada
Basi anayeharishwa apewe ya nyumbani: lita ya maji, vijiko 8 vya sukari, kimoja cha chumvi. Hiyo angalau imenusurika.

#32 Kijiko Bapa
Simama hapo. Hicho ni kipimo cha zamani na chumvi yake imezidi. Kinachopendekezwa: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, NUSU kijiko cha chai cha chumvi. Vyote bapa, umepitisha kisu juu. Kijiko cha mlima kinaweza kubeba mara mbili ya bapa.

Chumvi ikizidi, mtoto anapata kiu kali, anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi inavuta maji kurudi utumboni na kuhara kunaongezeka. Onja kabla ya kumpa: isiwe na chumvi kuliko machozi. Tengeneza mpya kila baada ya saa 24. Akitapika ngoja dakika 10, kisha kijiko kimojakimoja taratibu. Mwenye pakiti ya ORS atumie pakiti, ina potasiamu ambayo chumvi ya jikoni haina. Na zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 apewe 10.

#33 Mizani
Hata pakiti imebadilika, msidhani ni ileile. Tangu 2002 WHO na UNICEF wameipunguza: chumvi kutoka gramu 3.5 hadi 2.6 kwa lita, glukosi kutoka 20 hadi 13.5.

Na kwa mleta mada: hii haina hakimiliki ya maana, ni ya bei ya chini, na ilipigwa vita na waliozoea dripu hadi Dilip Mahalanabis alipoitumia kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh mwaka 1971 dripu zilipokwisha. Haina faida, na bado ilishinda. Nadharia yako inaielezaje?

#34 Kabati la Kale
Ilishinda kwa sababu kulikuwa na taasisi kubwa zilizoibeba. GV nani aliibeba? Ungekuwa umenijibu kama ungetaja dawa iliyosimama bila mwenyewe.

#35 Fundi Chupa
Asali. Haina mwenyewe na imerudi kwenye bandeji za hospitali. Sukari yake inavuta maji, ina tindikali, na ikizimuliwa na majimaji ya kidonda inatoa haidrojeni peroksaidi kidogokidogo. Kwa kidonda inatumika iliyosafishwa kwa mionzi, kwa sababu ya kawaida inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulismu. Kwa sababu hiyohiyo mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali kwa kikohozi. Aliyezidi mwaka, kijiko cha chai kabla ya kulala.

Kumbuka kuungua upya hakuanzi na asali, wala dawa ya meno, wala siagi. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, hata kama saa mbili zimepita. Ukifunika kwa vitu hivyo joto linabaki ndani, nyama inaendelea kuiva.

#36 Zamani Sana
Kwa hiyo mafukizo ya kifua nayo mtayakataa?

#37 Pamba Tasa
Menthol haifungui pua, mzee. Inaamsha vipokezi vya baridi, ubongo unasoma hewa nyingi imepita. Ukipima mtiririko wa hewa haujabadilika. Anayelala vizuri kwa sababu hiyo ameshinda, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kafuri: mtoto akimeza kiasi kidogo cha mafuta makali ya kafuri anapata degedege haraka sana. Na beseni la maji yanayochemka mbele ya mtoto aliyefunikwa shuka limeunguza wengi.

#38 Mbishi wa Zamu
Tuhesabu basi, mpaka sasa tuna: hakuna wa kulipia utafiti (mimi na mleta mada), sumu (Mizani), unyevu wa kidonda (Pamba Tasa), ugumu wa kutumia, harufu (hii ni yangu pia), na ugonjwa unaopita wenyewe. Wanaosema usugu wa bakteria wako wapi? Antibiotiki za kupaka zinazidi kushindwa, na watu wanarudi kwenye iodini.

#39 Fundi Chupa
Hilo lina mashiko. Iodini inashambulia sehemu nyingi za bakteria kwa mpigo, usugu dhidi yake ni nadra. Krimu ya antibiotiki inalenga sehemu moja. Lakini usilitumie kuitetea mekurokromu, hiyo ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, inazuia wadudu kukua zaidi ya kuwaua.

#40 Kabati la Kale
Mekurokromu nawaachia. GV na iodini sijaziachia.

#41 Nuru ya Kibatari
Samahani kutoka nje ya mada, nimefuata #16, mguu umekauka vizuri ila kucha na beseni vimekuwa vya kahawia. Sabuni haitoi.

#42 Kijiko Bapa
Hiyo siyo pamanganeti tena, imeshageuka manganizi daioksaidi, sabuni haitaiweza. Saga tembe mbili za vitamini C, koroga kwenye maji kidogo, sugua beseni, doa linayeyuka ukiliangalia. Kwa kucha chovya pamba kwenye maji hayohayo, osha baada ya dakika moja au mbili. Palipo na mchubuko usiguse. Safari ijayo paka Vaseline kwenye kucha kabla ya kuloweka, na tumia beseni la plastiki usilolipenda.